Kabla ya mafuta, masikio

Huku kwetu Rungwe salamu ya asubuhi ni swali. Ukisema "Ugonile", kwa Kinyakyusa unamuuliza mwenzako kama amelala, na kwa mtu mzima unasema "Mugonile", kwa heshima. Miaka yote niliyofanya kazi ya kuchua misuli hapa Mbeya nimeitamka salamu hiyo kuliko neno lolote jingine. Kwa muda mrefu sikuwa nasikiliza jibu lake.

Aliyenizindua ni mama mmoja wa upande wa Kiwira. (Yeye na wengine nitakaowataja nimewabadilishia mambo mawili matatu ili wasitambulike.) Alikuja na shingo iliyokaza hadi kugeuka kutazama gari kabla ya kuvuka barabara ilikuwa kazi. Nilimuuliza shughuli yake, akasema anafanya biashara ya ndizi. Basi nikajua! Mwanamke aliyebeba mikungu kichwani tangu ujana, shingo itakosaje kukaza? Nikamlaza, nikapaka mafuta, nikachua nusu saa nzima. Akatoka amechangamka. Baada ya siku nne akarudi na shingo ile ile. Nikachua tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Akarudi mara ya tatu.

Siku hiyo ya tatu alikuwa amekwisha kujifunga kitenge chake na mkono uko kwenye komeo la mlango, akasema kama mtu anayejisemea: "Na leo tena nitakesha na mzee." Nikamwomba akae. Mumewe alikuwa amepatwa na kiharusi miezi mitano nyuma. Usiku alikuwa akimgeuza kitandani peke yake, mara tatu au nne, kwa kumvuta mabega, na kati ya zamu moja ya kumgeuza na nyingine alikuwa akisinzia kwenye kiti kando ya kitanda, kichwa kimeangukia upande mmoja. Ndizi hakuzibeba tena tangu mume augue. Mjukuu ndiye aliyekuwa akipeleka sokoni. Mara tatu nilikuwa nimemsalimia kwa kumuuliza kama amelala. Mara tatu alijibu "Ndaga, mwanangu", yaani asante, nami nikapita.

Kazi yetu siku hizi inaitwa tiba ya mtu mzima, yaani inayomtazama mtu kwa ukamilifu wake, na jina hilo limeleta mkanganyiko mkubwa. Wengi wanadhani maana yake ni kuongeza vitu: mafuta yenye harufu, mawe ya moto, mishumaa, muziki wa taratibu. Chanzo chake ni neno la Kigiriki, holos, lenye maana ya "zima", na aliyelitumia kuunda neno la Kiingereza holism ni mwanasiasa Jan Smuts wa Afrika Kusini, mwaka 1926. Katika utabibu, daktari wa Kimarekani George Engel aliandika mwaka 1977 kwamba ugonjwa hauwezi kueleweka kwa kuutazama mwili peke yake. Lazima uingize nafsi ya mtu na maisha yake kati ya watu. Kwangu mimi mwenye kitanda kimoja na chupa za mafuta, hilo lina maana nyepesi kuelewa na ngumu kutenda. Bega ninalolishika ni ncha moja ya kamba ndefu. Ncha nyingine iko nyumbani kwa mteja, kazini kwake, usiku wake. Aliyeiona kamba yote ni mwenye bega tu, na mikono yangu, hata iwe hodari vipi, haifiki kwenye kile kiti kando ya kitanda.

Mikono haijui kila kitu

Watu wa Iringa wana jiwe lao kubwa la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wapo wachuaji wanaouchukulia mwili hivyo hivyo: weka mkono, utasema wenyewe. Na wateja wanatusifu kwa hilo. Huyu ana mikono, wanasema, hata usipomwambia anajua panapouma.

Naomba niseme bila kuficha kwamba sifa hiyo ina hatari. Mikono inatambua ugumu, joto, uvimbe, ubaridi, msuli unaotetemeka. Hayo ni mengi. Lakini watafiti waliowapa wataalamu wawili mgongo ule ule, kila mmoja kwa wakati wake, wamekuta mara nyingi kwamba hawakubaliani kuhusu mahali lilipo fundo lenye maumivu. Na hata tukikubaliana kwamba hapa pamekaza, kukaza si kuuma. Wapo watu wenye mabega magumu kama mti ambao hawana shida yoyote, na wapo wenye misuli laini wanaolia kwa maumivu. Shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu, IASP, lilipofanyia marekebisho fasili yake mwaka 2020, lilieleza kwamba maumivu ni jambo linalomtokea mtu binafsi, na kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Liliongeza pia kwamba asiyeweza kusema naye anaweza kuwa na maumivu.

Kuna sababu ya kimwili pia. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua bila kufikiri: mguso unaingia na kulibana lango, maumivu yanapungua. Lakini lango hilo linapokea amri kutoka juu pia, kwenye ubongo. Hofu na uchovu vinaweza kulifungua. Na sote tunajua usiku mbovu unavyofanya kidonda kile kile kiume zaidi asubuhi. Mama wa Kiwira hakuwa anatia chumvi. Shingo yake ilikuwa inauma kweli kuliko misuli yake ilivyoonesha, kwa sababu hakuwa analala.

Halafu kuna maumivu yanayojitokeza pasipo pake. Kifuko cha nyongo kikiwa na tatizo, mtu anaweza kulalamika bega la kulia. Moyo ukikosa damu, maumivu yanaweza kushuka mkono wa kushoto au kupanda tayani. Nikiishia kwenye bega nitalichua vizuri kabisa, nikiwa nachua mahali pasipo na ugonjwa. Nikiuliza "linauma ukifanya nini?" na mteja akajibu "nikipanda mlima, nikipumzika linaacha", ninaweka mafuta chini.

Mshipa, ganzi, baridi

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotutajirisha na kututega kwa pamoja. Chukua neno mshipa. Mteja akisema "mshipa umenishika", anaweza kuwa anasema msuli uliokaza, au neva inayochoma, au mshipa wa damu uliovimba mguuni, au kano. Mwanamume akishusha sauti na kusema "nina mshipa", huenda anakwambia ana ngiri, na hapo tumbo lake la chini siligusi, namwelekeza hospitali. Neno moja, mambo matano. Siku hizi simuulizi mtu ana maana gani, kwa sababu swali hilo linamfanya aone hajui kujieleza. Namwomba anioneshe linapoanzia na linapoishia. Anayeonesha kwa ncha ya kidole na anayepapasa kwa kiganja kizima hawanipi habari moja.

Maneno mengine yanasema wazi ukiyasubiri. "Linavuta" na "limekaza" mara nyingi ni la misuli. "Ganzi", au "kama sisimizi wanatembea", ni neva. "Nyayo zinawaka moto usiku" linanifanya niulize kuhusu sukari kabla ya swali jingine lolote. "Kichomi" cha ubavuni kinachokuja mtu anapovuta pumzi, pamoja na kikohozi na homa, si kazi ya mikono yangu hata kidogo.

Lakini neno ambalo Nyanda za Juu Kusini linatupa kazi zaidi ni baridi. Mtu wa Makete au Njombe, ambako Juni na Julai asubuhi nyingine nyasi huamka na sakitu nyeupe, atakwambia viungo vyake "vimeingiwa na baridi", na ugonjwa wenyewe tunauita baridi yabisi. Yabisi ni kukauka. Jina limebeba maelezo ya zamani kwamba ubaridi na ukavu ndivyo vinavyokamata viungo. Mchuaji aliyesoma anaweza kuvutwa kumsahihisha: mama, ugonjwa wa viungo hausababishwi na baridi. Nilifanya hivyo zamani. Mteja ananyamaza, na baada ya hapo haniambii tena chochote cha maana.

Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, pamoja na wenzake, walipendekeza mwaka 1978 kwamba anayetibu amuulize mgonjwa maelezo yake mwenyewe: unauitaje ugonjwa huu, unadhani umeletwa na nini, kwa nini ulianza wakati ule, unaogopa nini zaidi. Maswali haya nimeyajaribu kwa Kiswahili chetu na yanafaa sana. Anayeamini kwamba baridi ndiyo adui, nikimvua nguo kwenye chumba chenye ubaridi na kummwagia mafuta ambayo hayajapashwa moto, atajikunyata na kila msuli wake utakaza. Kwa hiyo napasha mafuta, namfunika blanketi, nafunua sehemu ninayoichua tu. Sijabishana na maelezo yake na wala sijasema uongo. Wakati huo huo masikio yangu yako wazi kwa jambo jingine: akisema vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwenye maungio, na asubuhi vinakataa kukunjika kwa zaidi ya saa moja, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi yenyewe, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo, na anahitaji daktari mapema kabla viungo havijaharibika.

Na huyu wa nyayo zinazowaka, mwenye sukari, anaweza kuomba nimkande miguu kwa maji ya moto sana kwa sababu ya baridi hiyo hiyo. Miguu yake inaweza kuwa imepoteza hisia. Ataniambia "ongeza moto, sisikii", na atakuwa anasema kweli, huku ngozi inaungua. Kumsikiliza mteja hakuna maana ya kutii kila neno lake.

"Sawa tu"

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona gumu kuliko yote. Watu wetu wamelelewa vizuri. Kumwambia fundi usoni kwamba kazi yake inakuumiza ni utovu wa adabu, na mchuaji ni fundi, pengine anaitwa hata daktari. Ukiuliza "inauma?" utajibiwa "kidogo tu". Ukiuliza "nguvu hii inatosha?" utajibiwa "wewe ndiye mtaalamu, fanya unavyoona". Wanaume hawajibu kabisa. Wengine wanaamini dawa ni lazima iwe chungu, kwa hiyo anang'ata meno dakika 40, anashukuru, anakwenda nyumbani na michubuko, harudi, na mimi sitajua kamwe kwa nini.

Kipimo cha namba, ile ya sifuri hadi kumi, kinasaidia baadhi ya watu. Wengine watakupa tano kila siku kwa sababu tano haimuudhi mtu. Kilichonifaa zaidi ni kubadili umbo la swali. "Niongeze au nipunguze?" linampa mteja njia mbili, na zote mbili ni za adabu. "Juzi ulipoinua ndoo, na leo, ipi afadhali?" linamrudisha kwenye maisha yake badala ya kumweka kwenye mtihani. Na kabla hajalala namwambia kwamba hapa ukisema acha, naacha, na nisipokusikia inua mkono. Kisha natazama. Vidole vya miguu vikijikunja, au pumzi ikikatika, hiyo ni "hapana", hata kama mdomo umesema "endelea".

Wakati mwingine kinachozuia neno ni mtu mwingine chumbani. Aliwahi kuletwa kwangu binti aliyejifungua siku tisa kabla, ameletwa na mama mkwe. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni mila tunayoithamini, na mimi siidharau. Mwanamke aliyetoka kujifungua anahitaji mikono ya watu. Mama mkwe alijibu kila swali. Mtoto anaendeleaje, mzazi anakula nini, anatakiwa akandwe wapi: tumbo na miguu, tena vizuri. Binti aliangalia sakafu. Nikamwomba mama, kwa heshima zote, atuache kidogo maana taratibu za chumba ni mtu mmoja mmoja. Mlango ulipofungwa binti akasema mambo mawili kwa sauti ya chini. Alijifungua kwa upasuaji, na shavu la mguu wa kushoto lilikuwa linauma tangu juzi.

Nililitazama. Lilikuwa limevimba kuliko la kulia, na ngozi ina joto. Sikuligusa tena. Mwanamke katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua, hasa kwa upasuaji, yumo kwenye hatari kubwa kuliko kawaida ya damu kuganda ndani ya mshipa wa mguu, na bonge hilo likichuliwa linaweza kung'oka na kwenda kukwama kwenye mapafu. Hiyo inaua. Niliwaeleza wote wawili kwa pamoja, nikampa mama mkwe kazi ya kutafuta usafiri, wakaenda hospitali saa ile ile. Shukrani zilikwenda kwa mama mkwe, na alistahili, ndiye aliyemsindikiza.

Hatari hiyo hiyo ipo kwa madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900 za kukaa. Wengi wanashuka Mbeya wakitaka kuchuliwa miguu. Miguu yote miwili ikiwa imechoka, karibu. Mguu mmoja ukiwa umevimba, nasimama.

Mgongo nao una maneno yake ya kunisimamisha. Mgongo unaouma hata mtu akiwa amelala tuli, pamoja na kupungua uzito, homa za jioni na jasho la usiku, unaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, ugonjwa alioueleza daktari Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779 na ambao haujatuacha. Na mtu akiniambia, kwa aibu, kwamba siku hizi mkojo unampita au sehemu anayokalia imekufa ganzi, huyo hasubiri kesho. Hakuna anayeanza na habari ya mkojo. Inakuja mwishoni, baada ya kuona kwamba hukucheka na hukuharakisha.

Na kuharakisha ni ugonjwa wetu sisi watoa tiba. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti wa mahojiano 74 kati ya madaktari na wagonjwa nchini Marekani. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Nilipojipima kwa saa ya ukutani, sikuwa na la kujivunia. Wenzangu wananiambia mteja amelipia mikono, hakulipia maongezi, na foleni ikiwa ndefu Jumamosi nawaelewa. Lakini natenga dakika kumi za mwanzo, mteja akiwa amevaa nguo zake, tumekaa kwenye viti vya kimo kimoja. Aliyelala kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda, hawezi kusimulia maisha yake.

Akishalala, nanyamaza. Ngozi ina nyuzi za neva ambazo huitikia zaidi mguso wa polepole, kama sentimita moja hadi kumi kwa sekunde, na nyuzi hizo zinahusika na utulivu anaouona mtu akipapaswa na anayemwamini. Mazungumzo yangu yangeuharibu. Wapo wanaolia. Simwulizi mtu analilia nini. Namfunika, nasubiri, namuuliza kama niendelee. Mimi si mshauri nasaha, na kufukua nisichoweza kufukia ni ukatili. Akitaja kipigo, namweleza kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, basi. Daftari langu linafungwa kwa ufunguo, maana Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, watu wanajuana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Kwa mama wa Kiwira, siku ile ya tatu hatukuchua tena. Tulitumia muda kufanya mazoezi kwenye kitanda changu: shuka iliyokunjwa inatandikwa chini ya mgonjwa, unashika shuka badala ya mabega, unakunja magoti, unamgeuza kwa uzito wa mwili wako. Tukakubaliana mjukuu ashike zamu ya alfajiri. Alipokuja tena, nilimwambia "Mugonile, mama", nikakaa kimya. Akafikiri. "Masaa manne," akasema. "Ya mfululizo."

Komeo lile bado lipo, na watu bado wanasema la maana wakiwa wamelishika. Kwa hiyo nimeweka vigoda viwili pale mlangoni. Kimoja ni cha mteja kuvalia viatu. Zamani wakati huo nilikuwa nanawa mikono kwenye beseni, nimempa mgongo. Sasa mikono yenye mafuta inasubiri, nami nakaa kwenye cha pili hadi amalize kufunga kamba.